Mtumbwi mwepesi wa mtu mmoja kwa mwenye umbo dogo: futi 10 na nusu au 12?

NasraWaSinza

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua vyombo vidogo vya kafi.

Mimi ni mwanamke, urefu sentimita 153, uzito kilo 48. Naishi Sinza ghorofa ya pili, gari langu ni IST. Nimekulia Kunduchi kwa babu, mtumbwi wa mwembe nimeupanda tangu utotoni, kwa hiyo maji hayanitishi. Shida yangu iko nchi kavu. Mtumbwi wa babu hausogei mchangani bila wanaume wawili, na kila nikitaka kutoka inabidi niwasubiri binamu zangu waamke, wanywe chai, ndipo tuusukume. Maji hayasubiri mtu. Nataka chombo nitakachokibeba begani mwenyewe na kurudi nacho mwenyewe.

Nimesoma kuhusu mitumbwi midogo ya Marekani, ile ambayo mtu anakaa chini karibu na sakafu na kutumia kafi la pande mbili kama la kayaki. Kaka yangu yuko New Jersey, mwisho wa mwaka anajaza kontena, amesema ataniwekea mmoja. Muuzaji aliyemuuliza kamwambia achukue wa futi 12 au 13 kwa sababu mrefu ndio unaokwenda, na mfupi ni wa watoto. Mimi moyo uko kwenye futi 10 na nusu kwa ajili ya uzito. Nitautumia kwenye mikoko ya Kunduchi na Mbweni, na nikishauzoea nivuke nao hadi kisiwa cha Mbudya. Sitavua wala sitabeba mtu. Begi moja, maji ya kunywa na kamera, basi.

Nichukue upi? Na kafi liwe la urefu gani?

JumaKigamboni

Dada, chukua kayaki ya plastiki ile ya kukalia juu, umalize. Zinapatikana hata za mtumba, ukiiburuta kwenye mawe haikuambii kitu, ikipinduka unapanda tena. Hayo ya Kevlar, zile nyuzi nyepesi wanazoundia vyombo, ni ya maziwa ya Wazungu, huku matumbawe yatakula chombo mwezi wa kwanza.

MamaMikoko_Ununio

Juma, kwa usalama wa bahari ya wazi uko sahihi, nitalirudia hilo. Lakini kayaki ya plastiki ya mtu mzima mara nyingi inavuka kilo 20. Nasra amesema ghorofa ya pili. Kwa mwili wa kilo 48 hiyo inarudi kwenye habari ya kusubiri binamu.

Nasra mdogo wangu, mimi nina sentimita 156 na kilo 52. Mitumbwi hii nilijifunzia kaskazini mwa jimbo la New York nilikokuwa nafanya kazi, na wangu ninao hapa Ununio, wa futi 10 na nusu. Niruhusu niseme kwa kirefu, maana wauzaji wanauza kwa urefu, wakati kinachomtesa mtu mdogo ni upana na kina.

Kule milima ya Adirondack kuna maziwa mengi yaliyotenganishwa na vipande vya msitu. Unapiga kafi hadi mwisho wa ziwa, unabeba chombo chako kwa miguu, unakishusha ziwa la pili. Wepesi wa mitumbwi hii umetokana na safari hizo. Mwaka 1883 fundi J. Henry Rushton wa mji wa Canton alimtengenezea George Washington Sears mtumbwi wa mbao wa futi 9, uzito paundi 10 na nusu, yaani haufiki kilo 5. Sears alikuwa mtu mfupi, mwembamba, kifua kinamsumbua, na uzito wake ulikuwa jirani na wako. Alizunguka nao maziwa yale, na leo ni mali ya makumbusho ya Smithsonian. Mafundi wa zama hizi, kama akina Hornbeck wa Olmstedville, wamepita njia hiyo hiyo kwa Kevlar na kaboni. Kwa hiyo chombo hiki tangu asili yake kilipimwa kwa mwili kama wako. Anayekuambia mfupi ni wa watoto hakijui anachokiuza.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kila mtumbwi una mzigo ambao fundi aliufikiria wakati anauchora. Ule wa futi 13 mara nyingi umechorwa kwa mwanamume wa kilo 80 na kitu pamoja na mizigo ya kambi. Wewe na begi lako mkikaa humo, hauzami hadi mstari uliokusudiwa. Unaelea juu juu, ubavu mwingi unabaki nje, upepo unaushika, omo, yaani pua ya mbele, inageuzwa kila dakika, na nguvu zako zote zinaishia kunyoosha chombo. Ni kweli mrefu una kasi zaidi ukiupa misuli, lakini kwa mwendo wa kawaida wa mtu mwepesi, mfupi unasuguana na maji kidogo na unakwenda bila kukuchosha. Muulize muuzaji mzigo unaoufaa, sio mzigo wa juu kabisa unaovumilika. Hizo ni namba mbili tofauti na watu wanaandikiwa ile kubwa.

Upana: usivuke sentimita 70 hivi. Fanya jaribio hili nyumbani kabla kaka yako hajalipa. Chukua vigoda viwili vyenye kimo cha kama sentimita 27, viweke sambamba, nafasi ya sentimita 70 katikati. Kaa chini kati yake juu ya mto mwembamba, nyoosha miguu, magoti yakunjike kidogo tu. Shika mti wa fagio kama kafi, piga kulia, piga kushoto, endelea muda wa kutosha mabega yapate moto. Vifundo vya vidole vikigonga vigoda, au ukijikuta unainua viwiko hadi usawa wa masikio, chombo hicho ni kipana au kirefu cha ubavu kwako. Kisha sogeza vigoda hadi sentimita 76, ndio upana wa mitumbwi mingi ya wakubwa, urudie. Mabega yako yatakujibu kuliko mimi.

Jambo jingine ambalo sisi wafupi tunasahauliwa ni pa kukanyagia. Nguvu ya kafi inaanzia unyayoni. Mwambie kaka ahakikishe vikanyagio vinasogezwa hadi usawa wa miguu yako, maana vingine vinaishia mbali na mguu mfupi unabaki unaning'inia. Na kiti kiwe chini, sentimita chache kutoka sakafuni. Ukikikaza juu kwa ajili ya kuona mbali, utulivu wote unapotea.

Kafi: kwa upana huo na urefu wako, sentimita 220 hadi 230. Wenye boti pana wanatumia 240 na kuendelea, wewe usiwaige. Ukiwa na pesa ya ziada iweke kwenye kafi jepesi kabla ya kitu kingine chochote, la chini ya kilo moja. Chombo unakibeba dakika tano, kafi unaliinua asubuhi nzima.

Kuhusu matumbawe, Juma hajakosea. Adui wa huku ni chaza. Mizizi ya mikoko pale Mbweni imejaa chaza waliofunguka nusu, ukingo wao ni wembe mtupu, na maji yakianza kupwa wanakuwa usawa wa ubavu wa mtumbwi hasa. Wangu una mikwaruzo iliyochana rangi ya juu hadi nyuzi za njano za Kevlar zikaonekana, na nyuzi hizo zikiachwa juani zinachakaa. Hapo nasugua kwa msasa laini, napaka rezini, kisha rangi. Siburuzi kamwe. Nashuka maji yakiwa kifundoni, nainua, naweka begani. Nikifika nyumbani nauosha kwa maji baridi, hasa kwenye misumari na skrubu za ukingoni, chumvi inapenda kujificha hapo.

Mbudya nimeiacha makusudi, hapa jukwaani yupo mzee wa kuisemea.

FundiMzee_Mbweni

Nimetajwa, nimekuja. Binti, mimi naunda ngalawa na madau toka ujana wangu, na huo mtumbwi wa Mama Mikoko nimeutia rezini kwa mkono wangu mwenyewe. Ni kazi nzuri. Umbo lake halina lawama.

Mbudya na chombo hicho, hapana. Hauna sitaha, hauna mrengu wa pembeni kama ngalawa, ukingo wake ni shubiri na kidogo juu ya maji. Wimbi moja la boti ya abiria linalokuja ubavuni linaingia ndani, na maji yakishaingia yanakimbilia upande ulioinama, la pili linakumalizia. Kufua maji ukiwa peke yako huku unashika kafi haiwezekani. Asubuhi watu wanadanganywa na umande, bahari inalala kama kioo, kumbe upepo wenyewe unatoka bara na unakusukuma nje. Kurudi, jua limepanda, upepo umegeuka na bahari imechafuka. Wakati wa kusi ndio usifikirie kabisa. Ukitaka Mbudya panda ngalawa, au uwe na kayaki ya bahari iliyofungwa juu, na usiende peke yako.

Ndani ya mikoko ni habari nyingine. Ingia maji yakiwa yanajaa, yakupeleke, geuka yanaposimama, yakianza kupwa yakurudishe. Siku za bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, ukichelewa unabaki kwenye tope hadi kiunoni na chombo chako. Anza na maji mafu, mkondo hauna hasira.

Kama kontena litashindikana, tunaweza kuunda hapa. Ule mchoro wa Rushton wa futi 10 na nusu, Wee Lassie, watu duniani wanauunda kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyofunikwa faiba nje na ndani. Utatoka mzito kuliko Kevlar, lakini utaubeba. Usikubali fundi akuwekee faiba tupu nene kama ya boti za uvuvi, hiyo itakuwa kilo 30 na tumerudi kwa babu yako. Na omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zifungwe, ziwe na hewa ndani, ili ukijaa maji uelee.

NasraWaSinza

Shikamoo mzee. Asante sana, na dada Mama Mikoko asante mno. Mbudya nimeiweka pembeni.

Nimefanya jaribio la vigoda jana usiku. Sentimita 70 nilipiga vizuri, vidole havikugusa. Kwenye 76 kifundo cha kidole kidogo kiligonga karibu kila pigo na bega la kulia likaanza kuuma. Nimemwandikia kaka achukue futi 10 na nusu, na aulize habari ya vikanyagio.

Nimebakiwa na mawili. Kwa uzito wangu hata huo si utakuwa mwepesi mno upepo ukija? Na IST haina reli juu, nitaufungaje?

FundiMzee_Mbweni

Marahaba mwanangu. Upepo ukija, weka dumu la maji la lita 10 sakafuni mbele ya miguu, lifunge lisitembee. Maji ni ballasti salama, ukipinduka hayavuti chombo chini kama jiwe au mchanga. Na ukiona omo inatangatanga, sogeza dumu mbele kidogo. Ukiona inazama, lirudishe.

MamaMikoko_Ununio

Kwa IST nunua mito ya sponji ya kuwekea juu ya bati, mkanda upite ndani ya milango. Geuza mtumbwi kifudifudi, mikanda miwili katikati, kisha kamba moja kutoka omo hadi kitanzi cha kuvutia gari mbele, na nyingine ya tezi nyuma. Kamba ya omo usiiruke, barabara ya Bagamoyo malori yanapita na upepo wao unainua chombo cha kilo 8 kirahisi sana. Mkanda usiukaze hadi ukingo ulie, Kevlar inapinda. Futi 10 na nusu ni mita 3.2, fupi kuliko gari lako, kwa hiyo hutahitaji kitambaa chekundu.

Kabla kaka hajalipa, njoo ujaribu wangu. Nipigie ujumbe wa ndani nikuangalizie siku ya maji mafu yanayojaa asubuhi. Njoo na jaketi la kuokolea linalobana kifua chako, haya ya kukodi pwani yote ni ya wanaume na yatakupanda hadi puani. Viatu vya kufunga, sio kandambili, kwa ajili ya chaza. Kafi nitakupa langu la 220, na mzee akiwa na nafasi akae ufukweni atazame mtumbwi unavyozama ukiwa wewe ndani.

FundiMzee_Mbweni

Nitakuwepo. Nitakuja na chaki niuwekee alama ubavuni.