Afya ya Mzee

*JUMATANO*

Rukia 13:52
Assalaam aleikum. Tumerudi kutoka hospitali, kwenye mazoezi ya kiharusi cha Mzee. Leo Mzee amesimama kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, na goti la kulia halikulegea mpaka fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenyewe alipomwambia akae. Hatua kapiga chache. Unyayo bado haunyanyuki, vidole vinaburuta chini. Sasa hivi kalala, hata viatu hajavua.

Shangazi Pangani 13:55
Waaleikum salaam mwanangu. Alhamdulillah. Na mkono je?

Rukia 14:07
Mkono ndio nilitaka kuwasimulia.
Mnakumbuka yule dada wa tiba kwa vitendo alimpa vibanio vya nguo avibane kwenye kamba, Mzee akavisukuma vyote sakafuni? Leo nimebeba lile kopo la vifungo la duka lake la ushonaji Kariakoo. Dada akavimwaga juu ya kitambaa, akamwambia mkono wa kushoto kaa nao mapajani, fanya kazi na wa kulia tu. Jamani, kidole gumba na cha shahada vinatetemeka, kifungo kinateleza, anakifuata, kinateleza tena. Jasho linamtoka. Nikataka kumsogezea, dada akanishika mkono.
Alipokipata akakitia kwenye sahani. Akachukua kingine. Baadaye ndio tukaona anatenga, vya matundu mawili upande huu, vya manne upande ule. Hakuna aliyemtuma.
Halafu akamnyooshea dada kidole kifuani, tukadhani anataka kitu. Kumbe kwenye koti lake kuna kifungo kimeshonewa uzi wa rangi nyingine 😂

Sele Muscat 14:09
😂😂😂 Fundi ni fundi tu

Bakari 14:10
Dada wa watu akasemaje?

Rukia 14:10
Kasema atakuja na koti Ijumaa, Mzee alishone mwenyewe.

Baba Mdogo Tanga 14:31
Wanangu, nashukuru kwa habari njema. Lakini hili la vifungo ni mchezo wa watoto. Nimeongea na mzee mmoja hapa Muheza, anachua kwa mafuta, anavuta viungo mpaka vinalia. Amewainua watu wengi walioanguka hivi hivi. Huu ni upepo umempitia kaka yangu. Nimtume Ijumaa aje na basi la asubuhi. Nauli nitatoa mimi.

Bakari 14:33
Mimi namuunga mkono Baba Mdogo. Tujaribu vyote.

Sele Muscat 14:34
Na huku kuna mashine ya kuchua inatumia umeme, unavaa begani kama koti. Naweza kuituma na mtu anayekuja mwisho wa mwezi.

Mwanaidi Dodoma 15:20
Shikamoo Baba Mdogo. Shikamoo Shangazi. Samahani nilikuwa kazini wodini.
Baba Mdogo, naomba nikueleze kwa adabu zote. Ile picha ya kichwa aliyopigwa siku ya kwanza ilionyesha mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Kushoto mwa ubongo ndiko kunakoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi maneno pia yanatoka huko. Ndio maana vimekwenda vyote pamoja. Mkono wenyewe ni mzima, hauna ugonjwa. Anayeuamrisha ndiye aliyeumia.
Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Zilizobaki ndizo zinazoweza kujifunza kazi ya mwenzao, na hazijifunzi kwa kuchuliwa. Zinajifunza pale Mzee mwenyewe anapotaka kushika kitu akajaribu, akakosa, akajaribu tena, mamia ya mara kwa wiki. Hivyo vifungo ndiyo dawa yenyewe.
Kupakwa mafuta taratibu sina neno, ngozi inapata nafuu na yeye anafarijika. Kuvutwa ndiko kunakonitisha. Pale begani mfupa unashikiliwa na misuli, na ya upande ule imelegea. Akija mtu akavuta mpaka kiungo kilie, bega linashuka, na maumivu yake yatamfanya Mzee aukatae mkono kabisa. Hata sisi tusimwinue kwa kumvuta mkono huo au kumshika kwapani.

Mwanaidi Dodoma 15:21
Kaka Sele, na mashine ya bega vilevile hapana 🙏

Baba Mdogo Tanga 15:40
Mwanangu umesoma, sikatai. Lakini mambo mengine hayamo vitabuni.

Sele Muscat 15:42
Baba Mdogo, 2011 si ulikwenda Samunge kule Loliondo kwa Babu ukanywa kikombe cha dawa yake cha shilingi 500, sukari ikaisha?

Baba Mdogo Tanga 15:44
Sukari haikuisha. Foleni ndiyo haikuisha.

Shangazi Pangani 15:45
🤣🤣🤣🤣

Rukia 16:12
Jamani nicheke nife. Mama hapa kaniuliza nachekea nini.
Lakini kuna jambo sijawaambia, na Baba Mdogo linakuhusu wewe. Jana alfajiri Mama alikuwa anasoma Fatiha kando yake. Mzee huyu ambaye maji hawezi kuyataja, anasema "ile, ile" mpaka anapiga kitanda kwa hasira, akaanza kumfuata. Akaisoma mpaka mwisho. Ulimi mzito, lakini maneno yote yamo. Mama kalia. Nikamletea bilauri ya maji, nikamuuliza hii nini Baba? "Ile."

Bakari 16:13
Kumbe anaweza kusema!! Basi anatufanyia kusudi?

Mwanaidi Dodoma 16:19
Hapana Bakari, usiseme hivyo hata kwa utani, anasikia na anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Kitu ulichokisoma tangu madrasani kila siku kinatoka kwa mkupuo, hukitafuti neno kwa neno. Sura, nyimbo, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki, hata matusi. Watu wengi waliopoteza maneno hubaki navyo. Kutaja maji ni kazi nyingine, lazima alitafute neno lenyewe.
Wataalamu wa tiba ya kuongea nchini ni wachache mno, foleni yetu mnaijua. Tukisubiri miadi yao peke yake tutachelewa. Tuanzie na hilo alilobaki nalo.

Baba Mdogo Tanga 16:48
Kasoma mpaka waladh-dhaalliin?

Rukia 16:48
Mpaka aamin.

Baba Mdogo Tanga 17:03
Sisi wawili tulikaa mkeka mmoja kwa Maalim pale Pongwe. Yeye ndiye aliyekuwa ananitengeneza makosa, mimi nachapwa.

Mwanaidi Dodoma 17:10
Basi Baba Mdogo ndiyo kazi yako. Kila siku baada ya Magharibi umpigie kwa video, msome pamoja zile sura fupi. Mkimaliza mhesabu, mzitaje siku za wiki. Wewe anza, halafu nyamaza umwachie amalizie. Akikwama usimtajie neno, subiri. Kimya kitakuwa kirefu, utaona kero, vumilia tu.

Baba Mdogo Tanga 17:12
Hilo naliweza. Video ndiyo siiwezi.

Bakari 17:12
Mwite mjukuu wako akuwekee 😅

Sele Muscat 17:30
Samahanini, naomba niulize kitu na msinichukie. Natuma hela kila mwezi, sijalalamika. Lakini mbona naona bado Mama anamvalisha, Mama anamlisha? Hayo mazoezi yanasaidia nini kama nyumbani ni mgonjwa vilevile? Atapona lini?

Rukia 17:38
Sele njoo ukae wiki moja tu. Halafu uulize tena.

Sele Muscat 17:39
Dada sikulaumu wewe.

Rukia 17:41
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Pangani 17:44
Wanangu taratibu. Kaka yenu yuko mbali, akiona picha moja anadhani ndiyo siku nzima.

Mwanaidi Dodoma 18:05
Tarehe hakuna daktari atakayekupa. Miezi ya kwanza ndiyo mwili unarudi kwa kasi, baadaye kasi inapungua lakini haikatiki, kuna watu wanapata kitu kipya hata mwaka wa pili. Kwa hiyo wiki hizi ni za kuzikamua.
Lakini Sele hajakosea kuuliza. Hospitali ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja moja. Saa zilizobaki zote yuko nyumbani, na nyumbani tunamfanyia kila kitu. Asubuhi anahangaika na vifungo, mchana tunamlisha kwa kijiko.

Rukia 18:22
Nimemsomea Mama. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo:
"Mume wangu alikuwa anavalisha mabwana harusi. Leo niketi nimtazame anapigana na mkono wa shati, mtoto wa jirani anachungulia dirishani? Siwezi. Namvalisha upesi tumalize."

Mwanaidi Dodoma 18:30
Mama pazia lipo. Funga dirisha, toa watu wote, mwachie nusu saa. Shati pana, la mikono mifupi. Aliweke mapajani, mkono mgonjwa ndio uingie kwanza mpaka kwenye kiwiko, halafu alivute juu ya bega kwa mkono mzima, ndipo mkono mzima ufuate. Kuvua ni kinyume chake, mzima unatangulia. Wewe kaa upande wa kulia, asije akaanguka, basi.
Na Mama, mgongo wako pia tunauhitaji.

Rukia 18:33
Kasema "haya". Ile haya yake mnaijua.

Sele Muscat 18:34
Hiyo siyo ndiyo 😂

Rukia 18:41
Kuhusu kula, Bakari ndiye anayemlisha mchana, na anamlisha haraka awahi kijiwe cha bajaji. Juzi chai ilimpalia akakohoa mpaka macho yakawa mekundu.

Bakari 18:43
Dada si uniambie pembeni jamani, lazima kwenye kikundi?

Mwanaidi Dodoma 18:47
Bakari mdogo wangu, siyo kesi. Koo nalo limelegea upande mmoja. Kinachopita vibaya kinakwenda kwenye mapafu, na wagonjwa wengi wa kiharusi homa ya mapafu inawaanzia hapo. Akae wima kabisa, siyo kuegemea mito. Kidevu kishuke kidogo anapomeza. Uji mzito unampitia vizuri kuliko chai nyepesi. Kijiko akishike mwenyewe, kifunge kitambaa kwenye mpini kiwe kinene. Akimaliza abaki amekaa nusu saa ndipo alale. Itamwagika, itachafua, mwache.

Bakari 18:50
Sawa. Kesho namwachia kijiko. Kijiweni nitachelewa, abiria watanisubiri 😎

Shangazi Pangani 18:52
Mimi nimemtumia samaki wa ng'onda, wale wakavu wa chumvi, na basi la jana. Anawapenda sana.

Mwanaidi Dodoma 18:53
Shangaziiii 🙆🏾‍♀️ Ng'onda na presha ya Mzee??

Shangazi Pangani 18:54
Si wachache tu.

Mwanaidi Dodoma 18:56
Shikamoo tena, lakini hapana. Presha ndiyo iliyomwangusha. Kiharusi cha pili huwa kinakuja kumalizia kazi. Dawa za presha kila siku, hata akijisikia mzima, na chumvi kidogo sana. Rukia naomba wale samaki wagawie majirani.

Rukia 18:57
Umechelewa, Bakari kashakula nusu.

*ALHAMISI*

Rukia 06:48
Habari za asubuhi. Usiku hakulala vizuri. Alilia, sijui nini kimemliza. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Dakika chache baadaye akacheka, kisha akalia tena. Mama kaogopa, anasema ndiyo mwanzo wa kuchanganyikiwa.

Mwanaidi Dodoma 07:15
Siyo kuchanganyikiwa. Kiharusi kinaweza kulegeza breki za kilio na kicheko, vinatoka bila yeye kutaka. Lakini huzuni ya kweli nayo ipo, mtu aliyekuwa na duka leo anasubiri kupelekwa chooni. Ijumaa mwambieni daktari yote mawili, huzuni hiyo ina dawa na inatibika. Na msimwambie "usilie, jikaze". Kaa naye tu.

Sele Muscat 07:40
Nimeamka na haya maneno yenu kifuani. Dada Rukia nisamehe kwa jana. Kile kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo usiburute, ni kiasi gani? Natoa mimi chote.

Rukia 07:58
Yameisha. Kesho fundi wa vifaa anampima mguu, kijana amesomea chuo cha TATCOT pale Moshi, kasema asinunuliwe cha dukani, atengenezewe cha kipimo chake. Bei nitakutumia. Na ukibakiwa na hela, kiti cha choo na vyuma vya kushikilia bafuni. Ile mashine ya bega vaa wewe.

Sele Muscat 07:59
Nimeshainunua 😂

Bakari 13:20
Kala mwenyewe. Nusu ya uji uko kwenye shati langu, siyo lake. Sijui kafanyaje.

Shangazi Pangani 13:24
Hiyo ya ng'onda hiyo. Malipo.

Baba Mdogo Tanga 18:58
Nimepiga. Naona dari tu.

Rukia 18:58
Sisi tunaona sikio lako Baba Mdogo. Toa simu sikioni, ishike mbele.

Baba Mdogo Tanga 18:59
Sasa nasikiaje?

Rukia 19:36
Wamemaliza. Ikhlas, Falaq, Nas zote. Kuhesabu kafika saba akarukia kumi. Siku za wiki Baba Mdogo alianza Jumamosi, Jumapili, akanyamaza kama alivyoagizwa, nahesabu moyoni tu, Mzee midomo inacheza. Baba Mdogo huku akasahau akasema "Jumatano". Mzee kamkunjia uso: "Ta-tu!"

Baba Mdogo Tanga 19:39
Bado ananitengeneza makosa.

Mwanaidi Dodoma 19:41
Neno kalitafuta mwenyewe hilo 👏🏾👏🏾 Kesho usimtajie.

Baba Mdogo Tanga 19:42
Sitamtajia. Yule mzee wa Muheza nimemwambia asije, lakini nauli yake ya basi nilishampa, kakataa kurudisha.

Rukia 19:44
Bakari, kesho bajaji mlangoni saa mbili kasoro. Kopo la vifungo liko juu ya friji, usilisahau.