Ubuntu 24.04: laptopu inaganda wakati wa kuzima baada ya kupandisha toleo

mshumaa_wa_pwani

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada. Laptopu imepandishwa kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 kwa `do-release-upgrade`, na kazi zote zinaenda vizuri isipokuwa kuzima. Nikibofya Zima, nembo inatokea, inakaa zaidi ya dakika nzima, halafu skrini inakuwa nyeusi. Taa ya pawa haizimiki na feni inaendelea kuzunguka. Inabidi nishikilie kitufe cha pawa mpaka ikate. Kuwasha upya nako kunakwama vilevile.

Sifa zake: Intel Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD GB 256, kadi mbili za michoro (ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na NVIDIA GeForce 940M). Kerneli ni 6.8. Secure Boot (kinga inayokubali kerneli na moduli zenye saini tu) imewashwa. Kabla ya kupandisha, draiva ya NVIDIA ilikuwa imewekwa kutoka PPA (hazina ya programu iliyo nje ya ile rasmi ya Ubuntu). Pia kuna folda ya ofisini iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab` kwa CIFS (folda ya seva ya mtandaoni), inafikiwa kwa Wi-Fi.

Nimeshauriwa niongeze `acpi=off` kwenye GRUB (programu inayowasha Ubuntu) na nipunguze muda wa kusubiri huduma hadi sekunde 5. Nifanye hivyo?

---

kerneli_moto

Mkuu, vyote viwili acha kwanza. `acpi=off` hasa ni hatari kwa tatizo hili, maana laptopu za sasa hukata umeme kupitia ACPI (mfumo wa kudhibiti umeme wa mashine). Ukiizima, kerneli haina tena njia ya kuuambia ubao mama ukate pawa. Mashine itasimama huku feni inazunguka, yaani dalili ileile unayotaka kuiondoa, na juu yake utapoteza usomaji wa betri na udhibiti wa joto.

Kuganda wakati wa kuzima kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni huduma au diski inayokataa kufungwa, na systemd (msimamizi wa huduma za Ubuntu) anaisubiri. Hilo lina kikomo cha muda, kwa kawaida sekunde 90, kisha kuzima kunaendelea. La pili huja baada ya huduma zote kufungwa: kerneli imeanza kuzima vifaa, draiva mojawapo inakwama, na hapo hakuna anayehesabu muda. Unaweza kusubiri mpaka kesho. Kwa maelezo yako, kukaa dakika nzima kwenye nembo kisha weusi usioisha, nashuku unayo yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana usiguse kitu kabla ya kujua inakwama wapi.

Fanya hivi. Washa mashine, na menyu ya GRUB ikitokea (bonyeza Esc mara moja kama inapita haraka), chagua Ubuntu, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, futa maneno `quiet splash`, kisha Ctrl+X. Badiliko hilo ni la mara hiyo tu, halibaki. Ingia, fanya kazi dakika mbili tatu, halafu zima kwa:

`systemctl poweroff`

Sasa utaona mistari badala ya nembo. Piga picha ya skrini kwa simu pale inapokwama. Ukiwasha tena, tuletee matokeo ya amri hizi:

`journalctl -b -1 -e`
`journalctl -k -b -1 | grep -iE 'nouveau|nvidia'`
`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'`

`-b -1` maana yake ni logi ya uwashaji uliopita, ule uliogoma. Ukiona logi inaishia kwenye mstari wa journald (mwandishi wa logi) kupokea SIGTERM (amri ya kujifunga), basi huduma zilifungwa zote na kosa liko chini yake, kwenye draiva au baiosi. Usishangae kutokuta chochote baada ya hapo: mwandishi wa logi mwenyewe ameshafungwa. Na kama `lspci` nayo inaganda, sema, maana hiyo ni dalili kubwa.

---

mshumaa_wa_pwani

Asante mkuu. Kwenye skrini, kwanza ulitokea mstari huu ukihesabu:

`A stop job is running for /mnt/ofisi (47s / 1min 30s)`

Ulipofika mwisho, ikaendelea hadi `Reached target poweroff.target`, halafu mistari hii miwili, na hapo ikaganda:

`watchdog: watchdog0: watchdog did not stop!`
`nouveau 0000:01:00.0: Unable to change power state from D3cold to D0, device inaccessible`

Logi inaishia kwenye SIGTERM kama ulivyosema. `lspci -k` inaonyesha kadi ya NVIDIA inaendeshwa na `nouveau`. Amri yenyewe ilichukua sekunde kadhaa kabla ya kujibu. Hiyo watchdog ndiyo tatizo?

---

kerneli_moto

Hapana, achana na watchdog. Mstari ule hutokea kwenye mashine nyingi zinazozimika vizuri kabisa: watchdog ni saa ya ulinzi ya kuiwasha upya mashine ikikwama, na mstari unasema tu kwamba imeachwa ikiendelea. Watu wengi huulaumu kwa sababu tu ndio wa mwisho kuonekana.

Mwenye kosa ni huyo wa chini yake. Kadi ya NVIDIA ikiwa haina kazi hulazwa usingizi mzito, hali ya D3cold, ambapo umeme wake unakatwa kabisa. Wakati wa kuzima, kerneli hupitia kila kifaa kukiaga, kwa hiyo lazima kwanza iamshe kadi irudi D0. Kwenye baadhi ya laptopu za kadi mbili, nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA inayokuja na kerneli) na maelekezo ya baiosi havielewani, kadi haiamki, na kerneli inabaki inasubiri kifaa ambacho hakijibu. `lspci` ilichelewa kwa sababu hiyohiyo, kwani nayo hugonga mlango wa kila kifaa.

Kwa nini ni baada ya kupandisha toleo? Kwa sababu `do-release-upgrade` huzima vyanzo vyote vya nje, PPA zikiwemo. Draiva yako ya NVIDIA imebaki bila chanzo, moduli yake haikupatikana kwa kerneli mpya, na nouveau akachukua nafasi.

Lithibitishe kabla ya kusakinisha chochote. Rudi kwenye GRUB, `e`, ongeza mwisho wa mstari wa `linux`:

`nouveau.modeset=0`

Ctrl+X, kisha jaribu kuzima. Ikikata pawa yenyewe, jibu limepatikana.

---

bi_tarakilishi

Nakubaliana na kerneli_moto. Naongeza dawa yenyewe, maana hapa ndipo wengi huharibu.

Anza kwa kusafisha mabaki ya PPA, yasipigane na draiva mpya:

`sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`
`sudo apt update`
`ubuntu-drivers devices`

Soma orodha ya `apt` kabla ya kukubali. Ikitaka kuondoa kitu ambacho si cha NVIDIA, simama. Orodha ya `ubuntu-drivers` itaonyesha matoleo yanayofaa, na moja litakuwa na neno `recommended`. 940M ni ya kizazi cha Maxwell, kwa hiyo tawi la 535 linaikubali. Kisha:

`sudo ubuntu-drivers install`

Tumia njia hii, usipakue faili la `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA. Sababu ni Secure Boot yako. Kwa njia hii Ubuntu huleta moduli zilizokwisha kujengwa na kutiwa saini, na kerneli inazipokea bila maswali. Moduli iliyojengwa kwenye mashine yako kwa DKMS (zana ya kujenga moduli kwa kila kerneli) inahitaji ufunguo wako mwenyewe uandikishwe: baada ya kuwasha upya inatokea skrini ya bluu ya MOK (funguo za mwenye mashine), unachagua Enroll MOK, unaweka nenosiri ulilotunga wakati wa kusakinisha. Ukiipita skrini ile bila kuandikisha, moduli inakataliwa kimyakimya na unabaki bila draiva ya NVIDIA huku ukidhani umeshaiweka.

Baada ya kuwasha upya, hakikisha:

`nvidia-smi`
`modinfo -F signer nvidia`
`lsmod | grep nouveau`

Ya kwanza ionyeshe kadi, ya pili itaje Canonical, ya tatu isirudishe kitu. Ikiwa nouveau bado yupo, endesha `sudo update-initramfs -u` na uwashe upya.

Kama huhitaji NVIDIA hata kidogo, unaweza kuandika `blacklist nouveau` ndani ya `/etc/modprobe.d/zuia-nouveau.conf`, ukaendesha `update-initramfs` na kuishia hapo. Lakini kuna gharama mbili. Kadi isiyo na draiva mara nyingi hubaki na umeme, hivyo laptopu inapata joto na betri inaisha mapema. Na kwenye laptopu nyingine tundu la HDMI limeunganishwa na NVIDIA, sio Intel; siku ya kuunganisha projekta utakosa picha. Chaguo la katikati ni `nouveau.runpm=0`, linaloizuia kadi isilazwe. Kuzima kutafanya kazi, ila betri ndiyo italipa.

Kwa wanaosoma wenye kadi za zamani zaidi: za Kepler mwisho wake ni tawi la 470, na za Fermi ni 390 ambalo NVIDIA iliacha kulihudumia mwishoni mwa 2022. Mwenye Fermi asihangaike na draiva rasmi kwenye kerneli 6.8, atumie njia za aya iliyotangulia.

---

fundi_wa_fstab

Mmemaliza la NVIDIA, lakini zile sekunde 90 za `/mnt/ofisi` bado zipo. Hilo ni la Wi-Fi.

Muunganisho wa Wi-Fi ukiwa umehifadhiwa kwa mtumiaji mmoja, NetworkManager huukata pale kikao cha mtumiaji huyo kinapofungwa. Wakati wa kuzima, kikao hufungwa mapema. Systemd akifika kuifunga folda ya CIFS, seva haipatikani tena, kwa hiyo anasubiri mpaka muda uishe. Angalia:

`nmcli -f connection.permissions connection show "JINA_LA_WIFI"`

Likitokea jina lako, ufanye muunganisho uwe wa mashine nzima:

`sudo nmcli connection modify "JINA_LA_WIFI" connection.permissions "" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "NENOSIRI"`

Hiyo `psk-flags 0` ni muhimu. Bila hiyo nenosiri linaweza kubaki kwenye mkoba wa mtumiaji, na mashine haitaweza kujiunganisha kabla hujaingia. Tumia `nmcli` au mipangilio ya kawaida, usihariri faili kwa mkono: tangu 23.10 Ubuntu huhifadhi miunganisho hii ndani ya `/etc/netplan`, na maelekezo mengi ya zamani yanataja folda nyingine.

Kisha kwenye `/etc/fstab`, ongeza haya kwenye chaguo za mstari ule:

`noauto,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60,x-systemd.mount-timeout=10`

Folda itafunguka pale tu unapoigusa, na itafungwa yenyewe baada ya sekunde 60 bila kazi. Mara nyingi ukifika kuzima hakuna cha kusubiri. Malizia na `sudo systemctl daemon-reload`.

Kuhusu kupunguza muda wa kusubiri hadi sekunde 5: usiguse `DefaultTimeoutStopSec` kwa mashine nzima. Muda ukiisha systemd hutuma SIGKILL (amri ya kuua papo hapo), na hifadhidata ya PostgreSQL au mashine pepe iliyokuwa inaandika diskini inakatwa katikati. Kama kuna huduma moja korofi, ipunguzie hiyo peke yake kwa `sudo systemctl edit jina.service`, ukiandika `[Service]` na chini yake `TimeoutStopSec=15s`.

---

kerneli_moto

Na mkuu, acha kushikilia kitufe cha pawa. Mpaka tiba ikamilike, mashine ikiganda shikilia Alt+PrtSc (kwenye baadhi ya kibodi unaongeza Fn), kisha bonyeza S, subiri sekunde mbili, U, subiri, halafu O. S inaandika diskini vilivyobaki kwenye kumbukumbu, U inafanya diski zisomeke tu, O inakata umeme. Ushauri wa REISUB unaozunguka (kubonyeza R, E, I, S, U, B kwa zamu) haukamiliki kwenye Ubuntu kwa sababu `kernel.sysrq` ni 176, inayoruhusu hizi za mwisho tu. R, E na I hazifanyi kitu. O inaweza kukwama palepale kwa NVIDIA. Hapo tumia B, inawasha upya bila kuziaga draiva.

Kwa kuwa umeshaikata kwa nguvu mara nyingi, kagua mfumo wa faili: kwenye GRUB ongeza `fsck.mode=force` mara moja, kisha ukiingia soma `/run/initramfs/fsck.log`.

---

mshumaa_wa_pwani

Nashukuru sana wakuu. Kwa `nouveau.modeset=0` ilizimika yenyewe, kwa hiyo nikafuata hatua za bi_tarakilishi; draiva 535 imeingia na `modinfo` inataja Canonical. Muunganisho wa Wi-Fi kweli ulikuwa na jina langu. Baada ya `nmcli` na fstab, mstari wa `/mnt/ofisi` hautokei tena na pawa inakata ndani ya sekunde chache, kuzima na kuwasha upya. Fsck ilirekebisha vitu vichache kwenye diski, sasa inasema safi.

Swali la mwisho: PPA ya zamani niiwashe tena?

---

bi_tarakilishi

Usiiwashe. Ifute kabisa kwa `sudo add-apt-repository --remove ppa:JINA`. Ikirudi, sasisho lijalo linaweza kuleta draiva ya namba kubwa zaidi isiyo na moduli yenye saini kwa kerneli yako, na utarudi ulikotoka. Acha 535 ya hazina ya Ubuntu isasishwe pamoja na kerneli. Na kila kerneli mpya ikiingia, kabla ya kuwasha upya hakikisha kuna moduli inayolingana nayo:

`dpkg -l | grep linux-modules-nvidia`

Namba ya kerneli kwenye jina la kifurushi ilingane na ile mpya kwenye `ls /boot/vmlinuz-*`.