Handaki la kujikinga na tonado: liwe umbali gani kutoka ukuta wa nyumba?

MwenyeKiwanja
Wakuu, naombeni ushauri. Nyumba ni ya tofali, haina ghorofa, msingi una kina cha sentimita 60. Nataka handaki la zege la watu 6, lichimbwe mita 2.2, ligusane na nyumba ili ukuta wa nyuma uwe upande wake mmoja na zege lipungue. Upande huo kuna dohani ya mita 7 na mtungi mkubwa wa gesi. Inafaa?

Nguzo_Nne
Haifai, mkuu. Tonado kali inaweza kuing'oa nyumba nzima, na handaki likishirikiana ukuta na nyumba, nyumba itaondoka na upande mmoja wa handaki. Lisimame kwa kuta zake 4, bila nondo hata moja iliyofungwa kwenye nyumba.

Halafu kuna uchimbaji. Kutoka ukingo wa chini wa msingi, vuta mstari unaoshuka kwa nyuzi 45, shimo lisiukate. Msingi uko sentimita 60 na shimo ni mita 2.2, tofauti ni mita 1.6, kwa hiyo ukingo wa shimo uwe angalau mita 1.6 kutoka msingi. Hapo ni udongo mgumu. Kwenye mchanga zidisha mara mbili, mita 3.2, la sivyo udongo unaobeba msingi utamwagikia shimoni na ukuta utapasuka kabla hata zege halijamwagwa.

MwenyeKiwanja
Nimeelewa. Basi mita 4?

Nguzo_Nne
Msingi utakuwa salama, ila dohani bado inakufikia. Kitu kirefu kikianguka hufika umbali sawa na urefu wake, kwa hiyo mlango uwe zaidi ya mita 7 kutoka hapo. Miti na nguzo za umeme zipime vivyo hivyo. Pakikosekana nafasi, paa la handaki lisanifiwe na mhandisi kubeba pigo hilo. Usikimbilie mbali mno pia: mwongozo wa Marekani kwa nyumba za familia unaweka kikomo cha takribani mita 45 za kutembea, maana onyo huwa la dakika chache.

Maji_Chini
Mmesahau maji, na ndiyo yanayoharibu mahandaki mengi. Tuseme kasha la handaki lina vipimo vya nje vya mita 2.4 kwa 1.8 kwa kimo cha 2.1, na kuta, jamvi (sakafu ya zege) na paa vina unene wa sentimita 15. Maji ya ardhini yakipanda hadi juu yanalisukuma kwa tani 9 hivi. Zege lenyewe lina uzito wa tani 8 na kidogo. Litaelea, litapasua mabomba na kuinamisha mlango.

Dawa yake ni kupanua jamvi la chini sentimita 30 kila upande, lifungwe kwa nondo na kuta. Udongo utakaokalia ukingo huo, hata ukiwa umezama, unaongeza kama tani 5. Chimba shimo la majaribio msimu wa mvua uone maji yanasimama wapi. Bondeni au penye mafuriko usijenge handaki kabisa. Jenga chumba cha zege juu ya ardhi.

Bawaba
Kuhusu gesi: ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inateremka shimoni mlipojificha. Mtungi usiwe karibu na mlango wala tundu la hewa, na uwe upande wa chini wa mteremko.

Mlango usiutengeneze kienyeji. Nunua uliofaulu jaribio la kupigwa na ubao wa kilo 6.8 kwa kilomita 161 kwa saa, pamoja na fremu na komeo zake, kwani huwa vimepimwa kwa pamoja. Usiuelekeze kwenye nyumba, kifusi kitaegemea hapo. Ukifunguka kwa nje tu, weka tundu la pili la kutokea upande mwingine, pamoja na jeki na mtaimbo ndani. Hivyo vikiachwa stoo havitamsaidia aliyefunikwa. Na eneo la handaki wajulishe zimamoto mapema, wajue pa kuanzia kufukua.