Haisi ya mizigo, Noah au Kirikuu: ipi itufae kusindikiza baiskeli Mbeya hadi Mtwara?

Mwenda_Pole, Mbeya
Wakuu, habari za humu. Tuko wanne, Julai tunapiga pedali kwenda Mtwara kupitia Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi. Kilomita 1,100 hivi, lami mwanzo mwisho. Watatu wanaendesha baiskeli, mmoja kwa zamu anaendesha gari. Nimeona gari tatu zilizotumika: Haisi ya mizigo ya dizeli, injini aina ya 5L, Noah ya zamani ya petroli, na Kirikuu, ile pikapu ndogo. Nataka kuitengeneza iwe ya kubebea baiskeli na kulala humo humo.

Kona_ya_Uyole
Kirikuu ni cc 660 mkuu. Ikijaa mizigo ikaanza kupanda kwenda Njombe, wenye baiskeli ndio mtakaoisubiri juu.

Mama_Parachichi, Njombe
Tusiidharau Kirikuu jamani, inakula mafuta kidogo na huku inabeba viazi kila siku. Ila mwanangu, Julai Njombe kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu. Utalala kwenye bodi chini ya turubai? Na hata ukiwa kwenye Haisi, usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ili upate joto. Moshi wake unaoua hauna harufu.

Fundi_wa_Ipogolo, Iringa
Mimi nasema Haisi, lakini futa hilo la kulala. Baiskeli ikitolewa gurudumu la mbele inasimama wima ndani ya Haisi. Ukijenga kitanda cha juu, hazisimami tena. Ukizilaza, zinakwaruzana na derela, vile vifaa vya kuhamisha mnyororo kwenye gia, zinapinda. Chagua moja: nyumba au stoo. Njia yenu ina gesti Makambako, Njombe, Songea, Namtumbo, Tunduru. Fanya stoo.

Toa viti vya nyuma. Tandika plaiwudi ya marini sakafuni, inavumilia maji. Funga mbao mbili ngumu zikikingama, moja nyuma ya dereva, nyingine karibu na mlango wa nyuma, bolti zipite sakafuni na chini ziwekewe bamba la chuma, maana bati tupu litachanika kwa mtikisiko. Vishikio vya foku, yaani uma wa gurudumu la mbele, vikae juu ya hizo mbao. Baiskeli moja itazame mbele, ya pili nyuma, hivyo hivyo, handeli hazitagongana. Maji yawekwe chini, nyuma tu ya viti vya mbele. Usiyapakie kwenye keria: lita 100 ni kilo 100, na kona za Lukumburu hazitaki gari lenye kichwa kizito.

Injini 5L haina turbo wala kompyuta. Mlimani itakuwa nzito, hilo lazima mlikubali, lakini haina mambo mengi na mafundi wengi wanaijua. Wanaosindikiza baiskeli hawana haraka.

Mpenda_Noah
Noah ina starehe kuliko hiyo Haisi inayoruka ikiwa tupu. Ng'oa viti vya nyuma, baiskeli mbili zinaingia vizuri.

Fundi_wa_Ipogolo, Iringa
Mbili, sawa. Wao wana nne.

Mwenda_Pole, Mbeya
Hoja ya stoo imenishika. Haisi yenyewe ilikuwa inabeba samaki wa Mtera. Nikague nini?

Kona_ya_Uyole
Funua mpira wote wa sakafuni, usikubali kuoneshwa kona moja. Maji ya barafu ya samaki yanakaa chini yake miaka. Chukua bisibisi, gonga reli ya mlango wa pembeni na vizingiti, ikizama, ondoka. Harufu nayo haitoki kwa sabuni, hasa kama imeingia kwenye mbao za kuta. Ng'oa zote.

Mama_Parachichi, Njombe
Na namba zake ni nyeupe au njano? Kama ni nyeupe, bado imesajiliwa ya biashara. Nenda TRA ubadilishe iwe binafsi, na uwaulize kuhusu viti unavyotoa kabla fundi hajashika spana. Trafiki akisoma kadi akakuta gari tofauti, safari inaishia hapo.

Mwenda_Pole, Mbeya
Ni nyeupe mama. Jumamosi naenda na bisibisi, kadi naiomba leo.