Treni inatushusha Miritini kabla ya saa kumi alfajiri. Sisi wa Malindi tuendelee na nini?

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Gede na Kilifi, assalaam aleikum na habari zenu. Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira wala sitaificha, ingawa nitajitahidi kuandika kwa adabu kwa kuwa najua humu mna wazee.

Wiki iliyopita nilimrudisha mama yangu kutoka Nairobi, alikokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Daktari alimkanya asijitikise kwa safari ndefu ya barabarani, basi tukakata tikiti za treni ya saa nne usiku. Nakiri kwamba safari yenyewe haikuwa na dosari: viti vilikuwa safi, behewa lilikuwa na ubaridi (wa kupita kiasi, lakini hilo lina siku yake), na kabla ya saa kumi alfajiri tulikuwa tumeshuka Miritini, iliko stesheni ya Mombasa. Masafa ya takriban kilomita 480 tuliyamaliza kwa muda usiotimia saa sita. Safari ya kutoka hapo hadi Malindi, ambayo ni kama robo tu ya masafa hayo, ndiyo iliyotutoa jasho.

Nje ya stesheni zilikuwapo teksi na tuktuk, na kila mmoja aliita abiria wa mjini Mombasa. Gari la Malindi halikuwapo hata moja, na hapakuwa na kibao cha kumweleza mgeni asubiri wapi wala nauli ni kiasi gani. Dereva wa teksi aliyekubali kutupeleka alitaka shilingi 7,500. Mama akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona treni yote ile ya kutoka Nairobi tumelipa elfu moja na mia tano kila mtu?" Kijana akajibu, "Mama, treni haiendi Malindi."

Hadi leo sijapata neno la kumjibu kijana yule, kwa sababu alisema kweli. Tukakaa juu ya mizigo yetu, mama amejifunika jicho kwa mtandio, hadi kulipopambazuka. Tukapanda matatu ya kwenda mjini, tukapita Jomvu, Changamwe na Makupa. Mjini tukabeba mizigo hadi kwenye gari la Malindi, tukangoja lijae, tukavuka daraja la Nyali, kisha tukaganda kwenye msongamano wa Mtwapa. Tuliingia nyumbani saa nne asubuhi ikiwa imeshapita. Kwa hiyo Nairobi hadi Miritini ni saa sita, na Miritini hadi Malindi ni saa sita nyingine.

Wenye umri wangu wanaikumbuka stesheni ya zamani. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na stesheni yake ilikuwa kisiwani, mjini kabisa, hata abiria aliyeshuka asubuhi aliweza kuyafuata magari ya Malindi kwa miguu. Tarehe 31 Mei 2017 ilipozinduliwa reli mpya, stesheni ikahamia bara, Miritini. Sina ugomvi na uhamisho huo, kwani reli ya namna ile inahitaji ardhi kubwa. Ninachogombana nacho ni kwamba waliihamisha stesheni wakayaacha magari yalipokuwa. Mbona Nairobi, ambako stesheni mpya nayo iko nje ya mji, Syokimau, imepangwa treni ya abiria ya kuwaunganisha na katikati ya jiji kwa kufuata saa za treni kubwa? Wenzetu wa Kusini Pwani nao wana barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia Miritini hapo hapo na kuwafikisha kwao bila kupita mjini. Sisi wa Kaskazini tuna teksi ya 7,500.

Naomba msomaji anifuate kwenye jambo la Mariakani, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Mariakani ina stesheni ya reli hiyo hiyo, tena imo ndani ya Kaunti ya Kilifi, kaunti yetu wenyewe. Treni ya asubuhi, ile ya kusimama vituo vya njiani, husimama pale; ya usiku hupita. Kutoka Mariakani ipo barabara ya Kaloleni inayotokea Mavueni, karibu na mji wa Kilifi, ambapo mtu haioni Makupa, wala daraja la Nyali, wala Mtwapa. Lau treni ya usiku ingesimama Mariakani kwa dakika tano, na magari mawili tu ya Malindi yakawa yanaingoja, mama yangu angekunywa chai yake nyumbani mapema asubuhi.

Lawama si ya wenye reli peke yao. Wenye matatu wetu wanaijua saa ya treni, maana haifichwi, lakini nilipomwuliza utingo mmoja kwa nini hawaendi kuwapokea watu, alinijibu kwamba abiria wa treni "hawajazi gari". Amewahesabu lini, ikiwa hajawahi kwenda?

Najua atatokea mtu kunishauri niagize gari mapema kwa simu. Hoteli za Watamu huwatumia wageni wao magari, na ni haki yao, ila mimi sizungumzii wageni wa hoteli. Nazungumzia mwanafunzi anayefunga chuo, mama mwenye mtoto mgongoni, na mgonjwa anayetoka kliniki.

Nitaandika barua kwa wahusika wa reli na wa kaunti, na ninataka mambo mawili: kituo cha magari ya Malindi ndani ya uwanja wa stesheni, chenye nauli iliyobandikwa, na treni ya usiku isimame Mariakani. Aliyepatwa na kisa kama changu naomba akiandike hapa chini pamoja na tarehe ya safari na kiasi alicholipa, nikiambatanishe.

Mama anatakiwa kurudi kliniki mwezi ujao. Nimemwuliza kama tupande treni tena. Amesema jicho na likae hivyo hivyo, yeye atapanda basi.