Mjadala: 17 Mei, hukumu ya Brown ni ya kusherehekewa?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila ikifika 17 Mei huku Marekani, shule, makanisa na vyuo huadhimisha hukumu ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, mji wa jimbo la Kansas. Kwa asiyeifahamu: siku hiyo mwaka 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, walitamka kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba, hata majengo na vitabu vingekuwa sawa. Kwa upande wa elimu, hapo ndipo ilipoanguka kanuni ya mwaka 1896 ya kesi ya Plessy, iliyoruhusu watu kutengwa kwa rangi mradi huduma ziwe sawa. Huduma hazikuwa sawa hata siku moja.

Swali langu kwenu: siku hii isherehekewe kama ushindi, au tuiadhimishe kwa namna nyingine? Wengi humu mna watoto katika shule za Ohio, Texas na Minnesota, na mnaona wenyewe zilivyogawanyika mpaka leo.

Mimi nasema tuiadhimishe, tena kwa nguvu, ila hafla zinaanzia mahali pasipofaa. Zinaanza na majaji, kisha picha ya Thurgood Marshall, wakili mkuu wa wazazi weusi, na mawakili wenzake kwenye ngazi za mahakama, basi. Kesi hii ilikuwa kesi 5 zilizounganishwa: Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na jiji la Washington. Ile ya South Carolina, kaunti ya Clarendon, ilianza na ombi la basi. Watoto weupe walikuwa na mabasi ya shule, weusi hawakuwa na hata moja, na wengine walitembea kilomita nyingi kwenda na kurudi. Wazazi wakachanga wakanunua basi kuukuu, wakaomba angalau mafuta, wakanyimwa.

Wakaenda mahakamani. Harry Briggs, ambaye jina lake limo kwenye kesi hiyo, alikuwa askari wa zamani wa jeshi la majini na mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Alifukuzwa kazi. Mkewe Eliza naye akafukuzwa. Mchungaji Joseph DeLaine, aliyewakusanya wazazi, alichomewa nyumba mwaka 1951, kanisa likachomwa mwaka 1955, akakimbilia kaskazini. Hukumu ilipotoka, wengi wa waliotia saini walikuwa wameshalipa gharama ambayo hakuna aliyewarudishia.

Virginia walioanza ni wanafunzi. Tarehe 23 Aprili 1951, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliitisha mgomo katika shule ya Moton mjini Farmville. Shule ilijengwa kwa wanafunzi 180, wakasongamana zaidi ya 400, wengine wakisomea kwenye vibanda vya karatasi ya lami. Walidai jengo jipya. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wakawaambia: tutawasaidia mkikubali kupinga utengano wenyewe. Wakakubali.

Hawa ndio ninaotaka siku iitwe kwa majina yao. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Ohio

Ndugu mleta mada, historia umeisimulia vizuri, ila mimi siwezi kusherehekea, na nitasema kwa nini.

Hujawataja walimu. Kabla ya 1954 shule za weusi kusini zilikuwa na walimu na wakuu wa shule weusi, wengi wao wenye elimu ya juu kwa sababu ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima walizoruhusiwa. Shule zilipounganishwa, zilizofungwa ni zile za weusi. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 ya kusini na mpakani. Hapo Topeka kwenyewe, mwaka 1953, kabla hata hukumu haijatoka, msimamizi wa shule aliwaandikia baadhi ya walimu weusi kwamba mikataba yao haitaendelea, maana ikiwa mahakama itapiga marufuku utengano, watu wengi wa Topeka hawatataka walimu weusi waajiriwe kuwafundisha watoto weupe.

Mtoto aliambiwa akakae na weupe, mwalimu wake akaambiwa arudi nyumbani. Mimi nina binti katika shule ya kitongoji cha wenye kipato, na tangu chekechea mpaka darasa la 7 hajafundishwa na mwalimu mweusi hata mmoja. Anafaulu, sikatai. Lakini darasani ikiulizwa historia ya watu weusi, anageukiwa yeye, kana kwamba alizaliwa nayo kichwani.

Na kuna jambo ndani ya hukumu linalonikera. Majaji waliandika kwamba kutengwa kunamjengea mtoto mweusi hisia ya kuwa duni, na wakarejelea tafiti za wanasaikolojia, zikiwemo za Kenneth Clark, yule ambaye pamoja na mkewe Mamie aliwapa watoto midoli myeusi na myeupe wachague. Mtu akisoma haraka ataona tatizo ni mtoto mweusi kukosa jirani mweupe. Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Florida, aliandika gazetini mwaka 1955 kwamba hukumu hiyo ni tusi kwa watu wake. Na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi, alishasema mwaka 1935 kwamba mtoto mweusi hahitaji shule ya kutengwa wala ya kuchanganywa, anahitaji elimu. Kwa hiyo mimi 17 Mei naiacha ipite.

Mchangiaji, fani ya sheria

Naunga mkono sehemu ya hoja ya dada, ila tusiihukumu 1954 kwa makosa ya miaka iliyofuata. Kuna tarehe tatu ambazo hafla hazizitaji.

31 Mei 1955: mahakama ileile ilitoa hukumu ya pili kuhusu utekelezaji, haikuweka tarehe ya mwisho, ikaziachia mahakama za chini na bodi za shule zilezile zilizoshtakiwa. Ndipo kaunti ya Prince Edward, kwao Barbara Johns, ikathubutu mwaka 1959 kufunga shule zote za umma kuliko kuzichanganya. Miaka 5! Watoto weupe walipelekwa shule binafsi kwa msaada wa fedha za umma, watoto weusi zaidi ya 1,500 wakaachwa bila shule mpaka mahakama ilipoamuru zifunguliwe mwaka 1964. Wapo wasiorudi darasani kabisa.

21 Machi 1973, kesi ya Rodriguez kutoka San Antonio: kwa kura 5 kwa 4 mahakama ilikataa kusema kwamba tofauti za fedha kati ya wilaya za shule, zinazotokana na kodi ya majengo, zinavunja Katiba ya nchi. Mtaa wa maskini, shule ya maskini.

Na 25 Julai 1974, kesi ya Milliken ya Detroit. Weupe walikuwa wamehamia vitongojini. Jaji wa chini aliona huwezi kuchanganya shule za Detroit peke yake, akataka wilaya 53 za vitongoji ziingizwe kwenye mpango. Mahakama ya Juu ikakataa, tena 5 kwa 4: vitongoji visiguswe mpaka ithibitishwe kwamba navyo vilibagua. Marshall, wakati huo naye jaji, alipinga na kuonya kwamba miji mikubwa itagawanyika kuwa miwili, mmoja wa weupe na mmoja wa weusi.

Dada wa Ohio, mpaka unaotenganisha shule ya binti yako na shule za jiji unalindwa na hukumu hiyo ya 1974. Brown haiulindi.

Mwalimu mstaafu, Nairobi

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi nilisoma Kenya ya ukoloni, ambako kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake. Prince of Wales ilikuwa ya Wazungu, leo ni Nairobi School. Duke of York leo ni Lenana. Tanganyika mfumo ulikuwa huohuo mpaka shule zilipounganishwa Januari 1962.

Huyu Thurgood Marshall mnayemtaja alikuja kutusaidia. Mwaka 1960, kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, alikuwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika, na aliandika rasimu ya haki za msingi. Waliokuwa wachache safari hii ni Wazungu na Wahindi, naye akataka walindwe na sheria vilevile.

Lakini sikilizeni yaliyotokea baadaye. Rangi iliondolewa mlangoni, karo ikawekwa. Shule za msingi zilizokuwa za Wazungu hapa Nairobi ziliendelea kutoza karo kubwa, na aliyeingia ni mtoto wa ofisa na mfanyabiashara. Mtoto wa mtumishi wa nyumbani alibaki kuliona geti. Hatukuhitaji mahakama ili tutengane upya. Sasa nauliza: mngependa mtoto asiingie kwa sababu ya rangi, au kwa sababu ya fedha? Mimi sijaona tofauti kubwa kwa huyo mtoto.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu, na asante sana.

Kwa heshima, hapo mwisho sikubaliani nawe. Tofauti ipo. Mlango wa karo ni dhuluma, ila unaweza kushinikiza serikali iubomoe kwa bajeti, na kuna watoto waliopita. Mlango wa rangi ulikuwa sheria yenyewe, na hakuna bidii ya mzazi iliyoweza kuufungua. Briggs angekuwa tajiri kuliko wote Clarendon, watoto wake wasingepanda lile basi.

Dada wa Ohio, kuhusu walimu umesema kweli tupu na nakiri pengo katika hafla zetu ni kubwa. Lakini nani aliwafukuza? Mahakama haikuamuru mwalimu hata mmoja afukuzwe. Ni bodi za shule, zilezile zilizokuwa zikipinga hukumu, zilizoamua kwamba kama lazima watoto wachanganyike, basi atakayeumia awe mtu mweusi. Nikikubali kuiacha 17 Mei kwa sababu yao, nimewapa ushindi mara ya pili.

Na pale ilipotekelezwa kweli, ilifanya kazi. Miaka 10 baada ya hukumu, mwaka 1964, kusini hawakufika hata watoto weusi 3 kwa kila 100 waliosoma na weupe. Kisha ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, iliyoruhusu serikali kuu kuzinyima fedha shule zinazobagua, na mwaka 1965 fedha zenyewe zikaongezwa sana, kwa hiyo kunyimwa kukauma. Kufikia 1988, karibu 43 kwa kila 100 walikuwa katika shule zenye weupe wengi. Katika miaka hiyohiyo, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, pengo la kusoma kati ya vijana weusi na weupe katika mitihani ya kitaifa lilipungua kuliko wakati mwingine wowote. Sisemi weusi walipata akili kwa kukaa karibu na weupe. Walipata maabara, vitabu na walimu wenye masomo kamili, kwa sababu fedha hufuata watoto weupe waliko. Kwa hapo Du Bois na Marshall hawapingani: elimu ndiyo iliyotakiwa, na kwa nchi hii njia ya kuifikia ilikuwa ni kukaa chumba kimoja na wenye nacho.

Mchangiaji, Ohio

Nimekuelewa kuhusu bodi. Hapo umenigusa.

Ila jibu hili: Ruby Bridges alikuwa na miaka 6 mwaka 1960 New Orleans alipopelekwa darasani na walinzi wa serikali kuu huku watu wazima wakimzomea, na wazazi weupe wakawatoa watoto wao, akasoma peke yake na mwalimu mmoja. Tunaichapisha picha yake kwenye kalenda. Kwa nini mzigo wa kulirekebisha taifa abebeshwe mtoto mweusi wa miaka 6? Jirani zangu kutoka Kongo na Burundi wameanza kuwapeleka watoto katika shule ya mkataba (charter school, shule ya umma inayojiendesha yenyewe) yenye weusi watupu na walimu wanaofanana nao, na nami nafikiria hivyohivyo. Huo nao mtauita ubaguzi?

Mleta mada

Hapana dada, siuiti hivyo. Mzazi anayechagua hajafanya alichofanya gavana Orval Faubus wa Arkansas mwaka 1957, alipotumia askari kuwazuia vijana 9 wasiingie shule ya Little Rock hata Rais Eisenhower akalazimika kutuma jeshi. Ruby hakupaswa kubebeshwa. Walioapishwa kusimamia sheria walikuwa watu wazima.

Ninachohofia ni shule yenyewe. Shule ya mkataba inaweza kufungwa ikikosa wanafunzi au ikivuruga hesabu, na wenye madaraka katika wilaya hawatajali ikifungwa. Walimu wanaofanana na binti yako wanaweza kudaiwa hapohapo alipo, kwenye bodi ya wilaya, ambayo vikao vyake viko wazi kwa wazazi na inaajiri kila kiangazi. Mkienda wazazi 20 wa Kiafrika, pamoja na wazazi wa Wamarekani weusi ambao sisi wageni huwa tunawakwepa, swali la kuwauliza ni moja: mwaka jana mliajiri walimu weusi wangapi, na waliondoka wangapi?

Ndugu wa sheria, katiba za majimbo zinatamka haki ya elimu hata kama ile ya nchi haitamki. Kesi za fedha za shule zilizoshinda kwa njia hiyo zimefanikiwa wapi? Tuendelee nawe hapo.