Bruda ya vifaranga Molo: mabomba ya joto la ardhini, gesi au makaa?

Mfugaji_Mpya
Habari zenu wakulima wenzangu. Banda limekwisha kuezekwa na vifaranga nimeshalipia amana, kwa hiyo sina muda mrefu wa kuamua. Fundi mmoja ananiambia niachane na makaa, nizike mabomba shambani nipashe bruda (chumba cha kulelea vifaranga) kwa joto la ardhini, kwa sababu hapa Bonde la Ufa moto uko chini yetu na ni wa bure. Mwingine anasema ninunue majiko ya gesi nilale. Kuna aliyejaribu hayo mabomba? Ipi nafuu?

Mama Kuku Njoro
Vifaranga wangapi? Wa nyama au wa mayai? Uko wapi hasa? Bonde la Ufa ni kubwa, mtu wa Marigat hana baridi ya mtu wa Mau Summit. Na stima unayo? Tuambie kwanza.

Jirani wa Menengai
Mimi naunga mkono joto la ardhini moja kwa moja. Shamba la maua la Oserian pale Naivasha walianza mwaka 2003 kupasha vivungulio kwa kisima cha mvuke cha Olkaria. Usiku joto hilo linapunguza unyevu, na ukungu haushiki waridi. GDC, kampuni ya serikali ya joto la ardhini, nao wameonyesha Menengai kwamba mvuke unaweza kupasha kivungulio, mabwawa ya samaki, mtambo wa maziwa na hata mashine za kufulia nguo. Kama waridi linapashwa, kifaranga atashindwaje?

Fundi Baridi
Ndugu yangu, umechanganya vitu viwili, na fundi wa huyu mwenzetu naye amechanganya vivyo hivyo. Visima vya Menengai vinakwenda kilomita mbili na zaidi, hadi kwenye mwamba wenye nyuzi zaidi ya 300. Hakuna mkulima wa kuchimba kile. Tena kwa Sheria ya Nishati ya 2019 rasilimali hiyo iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, hata ikiwa chini ya shamba lako.

Mabomba ya kuzikwa mita moja au mbili hayagusi moto wowote. Huko chini kuna ubaridi tulivu, karibu sawa na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima. Maji yanazunguka kwenye bomba, yanaokota nyuzi chache, yanazileta kwenye mashine iitwayo pampu ya joto. Ndani ya mashine kuna gesi ya kupozea inayochemka hata kwenye baridi. Inanyonya zile nyuzi, inakuwa mvuke, kompresa inaubana na joto lake linapanda. Kisha mvuke unakabidhi joto hilo kwa maji yanayopita chini ya sakafu ya banda, unarudi kuwa majimaji, unapita kwenye vali nyembamba, unapoa, safari inaanza upya. Ni friji ileile: shika mgongo wa friji yako utasikia joto lililotolewa kwenye maziwa. Stima inalipia kuhamisha joto tu, ndiyo maana uniti moja inaweza kukupa joto la uniti tatu au nne.

Mfugaji_Mpya, sasa jibu maswali ya Mama Kuku.

Mfugaji_Mpya
Samahani kwa kuchelewa. Ni Molo, upande wa Turi. Vifaranga 1,000 wa nyama. Stima iko, fezi moja. Kuna kisima cha mkono tu.

Mama Kuku Njoro
Turi! Ungesema mapema. Usiku wa Julai huko ni wa kuogopa. Kifaranga wa siku ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Mimi ni mtu wa gesi na sitabadilika. Stima ikipotea saa nane usiku, gesi haina habari. Nunua majiko mawili na mtungi wa akiba, ziba upepo kwa magunia lakini acha nafasi ya hewa juu, tandika maranda ya kutosha. Basi.

Mwana Kuresoi
Mama Kuku, gesi ni nzuri, lakini ngoja niwaeleze yaliyotupata na pampu ya joto ili huyu ndugu aingie akiwa amefumbua macho.

Kikundi chetu kilinunua pampu ya kuvuta joto la hewa, si ya ardhini, kwa ajili ya bruda ya pamoja. Aliyetuuzia alikuja na makaratasi mazuri na akatuhakikishia kwamba kazi yetu itakuwa kulipa tokeni tu. Kundi la kwanza la vifaranga lilikwenda vizuri mno, maranda yakakaa makavu, kokisidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu, hatukuiona. Kundi la pili, msimu wa mvua. Jioni watu wote wakiwasha vyombo vyao volteji inaanguka kwetu, maana tuko mwisho wa laini. Kompresa ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Usiku mmoja ikanyamaza kabisa. Kijana wa zamu akaamshwa na kelele za vifaranga, akawakuta wamerundikana kwenye kona, wa chini wameshakufa. Akawasha makaa kwa haraka, banda limefungwa kote. Asubuhi tuliokota wengine zaidi, na kijana mwenyewe alikuwa anatapika na kichwa kinampasuka. Ile gesi ya makaa haina harufu na inaua mtu. Namshukuru Mungu alitoka nje.

Aliyetuuzia alisema dhamana haihusu volteji. Kifaa cha kulinda volteji hakuwahi kukitaja siku ya kuuza. Kompresa nyingine haikupatikana Nakuru, ikaagizwa, na ilipofika vifaranga waliobaki walikuwa wameota manyoya. Mashine ilifanya kazi yake, sikatai. Lakini uliza habari ya spea na volteji kabla hujauliza bei.

Fundi Baridi
Pole sana kwa kikundi na kwa yule kijana. Kompresa inayoanza kwa volteji ya chini inavuta ampea nyingi na kuungua. Kilinzi cha volteji chenye kuchelewesha uwashaji kingeiokoa, na muuzaji alipaswa kukileta siku ileile.

Mfugaji_Mpya, tupige hesabu. Tuseme bruda yako inataka kilowati 3 usiku na mchana, kama balbu nyekundu 12 za wati 250. Hizo ni uniti 72 kwa siku. Kwa shilingi 25 uniti, ni 1,800. Pampu inayozidisha mara tatu na nusu itakula uniti 20 na ushee, kama 515. Pampu inapenda kazi nyepesi, kama kupasha maji ya sakafu hadi nyuzi 40 tu. Kadiri unavyodai maji ya moto zaidi, ndivyo faida inavyopungua.

Lakini kuzika mabomba Turi sikushauri. Uswidi wanazika kwa sababu hewa yao inaganda na ardhi inabaki na nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Turi hewa haigandi hivyo, mchana inafika nyuzi 20 na udongo wako uko kama 15. Utachimba mitaro ya mabomba mita 200 hivi ili upate faida ndogo ya usiku. Na bruda inafanya kazi wiki tatu kisha inalala.

Jirani wa Menengai
Udongo wa Molo una unyevu, unapitisha joto vizuri kuliko pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, ya Gilgil. Na akichimba kwenda chini mita 100 je?

Fundi Baridi
Unyevu ni kweli, hapo umesema. Lakini kwa ardhi ya kawaida mita 100 zinakuongezea nyuzi 3 tu. Na mtambo wa kuchimba unajua bei yake.

Mzee wa Eburru
Vijana, huku kwetu mvuke unatoka ardhini wenyewe. Tangu zamani tunaupitisha kwenye mabomba upoe tupate maji ya kunywa, na pareto ilikaushwa kwa joto hilohilo. Mwenye shamba karibu na matundu ya mvuke hahitaji kompresa. Nasikitika kila nikiona lori la makaa likipita, nikikumbuka msitu wa Eburru pale juu ulivyokatwa.

Mfugaji_Mpya
Mzee, shamba la kukodi huko linapatikana?

Mzee wa Eburru
Linapatikana, lakini uje na mpango wa maji. Na barabara wakati wa mvua ni ngumu, lori la chakula cha kuku litakwama.

Kisumu Lakeside
Sisi Kisumu shida ni kinyume, kuku wakubwa wanakufa kwa joto mwezi wa pili. Fundi, hiyo mashine inaweza kugeuzwa ipoze?

Fundi Baridi
Ipo yenye vali ya kugeuza njia ya gesi. Ila kwa banda la kuku Kisumu anza na paa: inua mabati, geuza banda liangalie mashariki na magharibi kwa ncha zake, acha pande ndefu wazi kwa wavu. Una upana gani?

Kisumu Lakeside
Futi 30.

Mama Kuku Njoro
Futi 30 inakaribia upana wa mwisho kwa hewa kupita yenyewe. Lenu ni la mabati matupu au mmeweka dari?